Dada Amemaliza Chupa Nzima

Alhamisi, 1 Januari

Shajara hii nimepewa na kampuni ya soda. Si kila mwenye kibanda amepewa. Wengine wamepata kalenda, wengine wamepewa mkono tu na kutakiwa heri. Mimi nimepata kitabu cha jalada gumu chenye utepe mwekundu wa kuonyesha ulipofika, kwa sababu mtaa mzima hakuna anayeuza soda kama mimi, na Tabasamu analijua hilo. Tabasamu ni bwana mauzo wao. Tunamwita hivyo kwa kuwa meno yake hayajawahi kupumzika.

Nilimwonyesha dada yangu mkubwa. Analala chumba cha nyuma ya kibanda tangu tumbo lake lilipoanza kukataa chakula.

"Kitabu chote hicho utajaza nini?" akauliza. "Uongo?"

"Historia."

"Basi anza na ile ya kreti."

Naanza nayo. Nilipokuwa na miaka tisa, gari la soda liliharibika mbele ya nyumba yetu. Dereva akatangaza kwamba atakayemaliza kreti bila kupumzika, soda ni bure. Nikamaliza zote ishirini na nne, nimesimama, mkono mmoja kiunoni. Dereva alivua kofia. Watu walinibeba juu juu mpaka ndani.

"Zilikuwa tatu," akasema Dada kutoka kitandani. "Ukatapika."

Yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki. Ndiyo maana hadithi zangu hazinenepi nyumba hii.

Jumamosi, 3 Januari

Joto. Friji inanguruma kuliko inavyopoza.

Jumatano, 7 Januari

Bei imepanda. Tabasamu kaniambia huku anacheka, kama mtu anayekupa habari za harusi. Sukari, mafuta ya gari, kodi. Nikamwambia hesabu ya sukari haijawahi kunishinda, mimi nimefika darasa la tano na mwalimu alilia nilipoacha.

Wateja wananitukana mimi. Fundi viatu, ambaye anakaa na sindano zake kwenye kivuli cha kibanda changu na halipi hata asante, akapaza sauti ili foleni nzima isikie: "Redio, siku hizi mnachanganya na dhahabu?" Redio ni mimi. Ananiita hivyo kwa wivu, kwa kuwa mimi nina la kusema na yeye ana soli tu.

Ijumaa, 9 Januari

Leo kliniki. Nilimbeba Dada mgongoni kutoka barabarani mpaka benchi, na sikuhema. Nilihema kidogo.

Muuguzi mwenye miwani alimpima muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Akasema chakula nisimlazimishe, nimpe anachokubali kunywa. "Lakini uangalie anakunywa kiasi gani kwa siku. Kikiongezeka, mwili unajitahidi. Kikipungua, usingoje. Waite watu wake."

Watu wake ni mimi na binti yake mmoja, mpwa wangu, anayeshona sare kwenye kiwanda cha mbali, siku mbili kwa basi. Bosi wake anatoa likizo moja kwa mwaka. Ukiichukua mapema imekwenda, na ukizidisha siku unakuta mtu mwingine amekalia cherehani yako.

Dada anakubali kitu kimoja tu, soda ya machungwa, na mpaka gesi iishe. "Iache ife kwanza," anasema. Basi asubuhi naifungua, naikoroga kwa mpini wa kijiko, naiweka juu ya stuli na mrija. Inamtosha kutwa. Zamani aliimimina kwenye kikombe chake cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu. Chupa moja ilijaza kikombe mpaka kwenye buluu, hakuna tone lililobaki wala lililomwagika, kana kwamba vitu hivyo viwili vilitoka tumbo moja. Sasa kikombe kinamshinda kukiinua.

Jioni naweka vidole ubavuni mwa chupa kupima kilichobaki. Hivyo ndivyo sisi wa vibanda tunavyopima kila kitu, na vidole vyangu havijawahi kukosea. Leo amebakiza vidole vinne.

Jumapili, 11 Januari

Vidole vinne.

Jumatano, 14 Januari

Vinne. Joto linazidi. Lami ya barabara imekamata kiatu cha mteja, fundi kapata kazi bila kuinuka.

Jumanne, 20 Januari

Vitano. Sikumwambia Dada. Nilikunywa kile kilichobaki mwenyewe nikamwonyesha chupa tupu.

"Umemaliza," nikasema.

"Mdogo wangu," akasema, "midomo yako ina rangi."

Jumatatu, 26 Januari

Vitano. Mauzo yamelala. Watu wananunua soda moja na mirija mitatu. Tabasamu alipokuja nikamsimamisha katikati ya barabara, mbele ya kila mtu. Nikamwambia, wewe na kampuni yako mnaua watu, mgonjwa wangu anaishi kwa soda hii, nenda kamwambie mkubwa wako kwamba mimi nimesema bei ishuke. Sauti yangu ilifika mpaka kituo cha mabasi. Madereva walizima injini wasikilize.

Fundi anasema dereva mmoja tu ndiye aliyezima, na alikuwa ameishiwa mafuta.

Jumatatu, 2 Februari

Ninaandika kwa herufi kubwa: BEI IMERUDI.

Tabasamu kaja na gari limejaa, kanikumbatia. "Mzee, kampuni imesikia kilio. Bei ile ile ya zamani!" Na si bei tu. Chupa mpya, ya kisasa, imebanwa kiuno kama bibi harusi, ina mistari ya kushikia, na kitako chake kimeingia ndani kidogo. Urefu ni ule ule. Nimeipenda.

Mtaa mzima umeambiwa nani kaishusha. Sikusubiri wengine waseme. Mama wa duka la vitambaa kanipa mkono. Hata Dada nimemwambia.

"Wewe?" akasema.

"Kampuni kubwa namna ile, mbele yangu ikawa kama mtoto aliyekojoa kitandani."

Akacheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka. Ikamletea kikohozi, lakini alicheka.

Jumatano, 4 Februari

Leo Dada kainua chupa mwenyewe! Mkono mmoja! Nilikuwa nahesabu kreti, nikageuka, nikamwona ameishika hewani na mrija mdomoni.

"Leo nyepesi," akasema.

"Si nyepesi. Wewe ndiye umepata nguvu."

Vidole viwili vimebaki. Viwili! Nimevirudia mara ya pili, vidole vyenyewe, nikaviosha, nikapima tena.

Ijumaa, 6 Februari

Kidole kimoja.

Jumamosi, 7 Februari

Dada amemaliza chupa nzima. Sikuigusa mimi. Nilikaa mlangoni nikamtazama mpaka mrija ukakoroma. Kisha nikatoka na ile chupa tupu nikaizungusha mtaani kama kombe la mpira. Fundi viatu aliinuka akanipa mkono, na yeye hainuki ovyo.

Jumapili, 8 Februari

Mpwa amepiga simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

"Bosi anataka kupanga likizo. Nije sasa, au nisubiri mwisho wa mwezi wa tatu, kazi za sare za shule zikipungua? Nikija sasa siwezi kuja tena mwaka huu."

Nikavuta pumzi nianze. Akanikata.

"Mjomba, nakuomba. Usitie chumvi leo. Mama anakunywa kiasi gani?"

Naandika hapa kwamba sikutia hata chembe. Nilimwambia nilichokiona kwa macho yangu. Mwezi uliopita alikuwa anabakiza vidole vitano. Wiki hii anamaliza chupa na anaiinua mwenyewe.

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Akalia kwa furaha. Akasema basi atasubiri, aje akae na mama yake vizuri, mama akiwa ameketi. Nikasema subiri, mwanangu, utamkuta anafagia.

Nimejisikia mwepesi baada ya hapo. Kusema kweli hakuchoshi kama nilivyodhani.

Jumatano, 11 Februari

Chupa nzima.

Ijumaa, 13 Februari

Chupa nzima. Leo ilikuwa siku ya kliniki. Jua la kuchoma, nikasema mtu anayemaliza chupa anakwenda kliniki kufanya nini. Tumeiruka.

Jumapili, 15 Februari

Nilipokuwa namgeuza, Dada akauliza, "Mtoto anakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi wa tatu."

Akatazama mabati ya dari.

"Mbali," akasema.

Nikamwambia si mbali. Nikamhesabia wiki zilizobaki, moja moja, hadi akafumba macho. Chupa nzima.

Alhamisi, 19 Februari

Bangili ya Dada imeanguka yenyewe kutoka mkononi, ikabingirika hadi kibandani. Joto hili linalegeza hata chuma. Nimeifunga uzi kwa ndani ili imkae.

Jumanne, 24 Februari

Nimegombana na fundi viatu. Alinunua ya tangawizi, akainywa, akaitazama chupa, akasema, "Redio, hii mbona inaisha kabla kiu haijajua imefika?"

"Kiu yako ni ya ngamia."

"Kiu yangu ni ile ile. Nasema soda."

"Soda ni ile ile. Nimeishusha bei kwa mdomo wangu na bado mnalalamika. Kesho mtasema niwatafunie na mrija."

Wakacheka wote. Akarudi kwenye viatu vyake, hakuniangalia tena siku nzima. Mimi nikimshinda mtu kwa maneno anabaki ameshindwa.

Ijumaa, 27 Februari

Chupa, lakini imechukua kutwa na sehemu ya usiku. Nimesema ni joto.

Jumapili, 1 Machi

Mirija imeisha. Duka la jumla limefungwa. Nikaona si kitu, nikatoa kikombe cha Dada juu ya kabati, nikafuta vumbi, nikafungua chupa yake ya machungwa na kumimina. Nilitaka kumshikia mimi, anywe kama zamani.

Nikamimina mpaka chupa ikakauka. Soda haikufika kwenye buluu. Ilibaki chini, mbali, katikati ya weupe.

Nikatazama sakafu. Nilidhani nimemwaga. Sakafu kavu. Nikageuza kikombe nikatafuta tundu. Hakuna tundu. Nikaenda kibandani nikachukua nyingine, nikafungua, nikatoa sufuria, nikaihamishia ya kwanza humo, nikafuta kikombe kwa shati langu, nikamimina ya pili polepole, tone kwa tone, kama mtu anayemimina dawa ya macho. Ikaishia pale pale.

Nilikaa juu ya kreti. Nikaishika ile chupa tupu, nikaiona sasa. Kiuno. Kitako kilichoingia ndani, kidole gumba changu chote kikazama humo. Urefu ule ule, ili mtu wa vidole asijue.

Hata alipomaliza chupa, Dada hakuzidi alichokunywa Januari hata kwa funda moja. Chupa ndiyo iliyomfuata chini, ikamkuta alipo. Nami nikaizungusha mtaani kama kombe.

"Unafanya nini huko?" Dada akaita. Sauti yake nimeisikia leo kama mara ya kwanza. Ni sauti ya mtu anayezungumza kutoka chumba cha tatu, na chumba chetu ni kimoja.

"Namimina."

Nikampelekea kikombe. Akatazama ndani. Akanitazama mimi.

"Imepungua," akasema.

"Ndiyo, Dada."

"Nilijua. Mkono ulijua." Akapumzika. "Ulikuwa unafurahi sana."

Akanywa mafunda mawili, akageuza uso.

Nilimpigia mpwa simu nikiwa nje, nyuma ya kibanda, nisisikiwe. Nikamwambia njoo. Akauliza si alikuwa anamaliza chupa? Nikamwambia chupa imekuwa ndogo. Hakunielewa. Nikarudia. Nilirudia mara ngapi sijui, na kila nikirudia naona ni kisingizio kibaya kuliko vyote nilivyowahi kubuni, na ni cha kweli.

Jumatatu, 2 Machi

Muuguzi kaja nyumbani. Amemkagua, ametoka, hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Tabasamu naye kaja na gari lake. Nilikuwa nimepanga kuandika hapa kwamba nilimkunja shati, nikamwinua, miguu ikaning'inia. Sikumkunja. Nilimwonyesha kikombe.

"Lakini imeandikwa, mzee," akasema kwa upole, akanigeuzia chupa ubavu. Kweli, imeandikwa. Herufi ndogo kama sisimizi, karibu na mshono wa karatasi, kiasi kilichomo. Nimeuza soda nusu ya maisha yangu, nimejisifu kusoma mbele ya kila aliyesimama, na ubavu wa chupa sijawahi kuusoma.

"Wewe ulijua?"

"Sisi wote tunajua, mzee. Nilidhani na wewe unajua. Ulikuwa unatangaza kwa nguvu sana, nikasema huyu mzee ana akili ya biashara."

Jumanne, 3 Machi

Mpwa kapewa ruhusa. Amepanda basi leo asubuhi. Bosi amemwambia cherehani haitamngoja, naye amepanda.

Soda haipiti tena kwa kikombe. Nampa kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko kimoja, anashikilia mdomoni, anameza. Tunapumzika. Kampuni ikitaka kujua ni wapi pa kuishia kupunguza, waje hapa. Kwa Dada hata kifuniko ni kikubwa.

Fundi viatu kafunga kazi mapema, kakaa nami mlangoni. Hakuniita Redio.

Jumatano, 4 Machi

Vifuniko viwili.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Yuko njiani. Anakaribia."

"Usitie chumvi."

"Amelala njiani leo. Kesho mchana atakuwa hapa."

Akafikiri. Nadhani alikuwa anapima kama tunavyopima sisi, kwa vidole. Kisha akasema, "Nisimulie ya kreti, basi." Nikamsimulia. Nilipofika kwenye ishirini na nne nikasimama nimpe nafasi yake. Alitikisa midomo lakini sikusikia namba.

Alhamisi, 5 Machi

Dada yangu amefariki asubuhi, kabla sijafungua chupa.

Mpwa kashuka basi mchana na begi moja. Mvua ya kwanza ilimkamata hapo kituoni, akaingia amelowa, akiita "Mama!" kwa sauti ya kuchangamka, kwa kuwa nilishindwa kumwambia kwenye simu. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshajaa chumbani. Alinipita mimi. Aliona nyuso zao.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 6 Machi

Tumemzika. Mvua.

Jumapili, 8 Machi

Mvua bado. Hakuna anayenunua soda kukiwa na baridi. Tabasamu alikuja kwa miguu, bila gari, akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, mdomo umefungwa. Kumbe ana uso. Alipoondoka alinipa mkono wa pole kwa mikono miwili.

Mpwa anaondoka kesho, akaone kama cherehani bado ipo. Siku zote hizi hajanilaumu. Jioni alikuwa ananisaidia kupanga chumba cha nyuma, akakikuta kikombe. Akakikalisha mezani mbele yangu, akaleta chupa ya machungwa, akamimina yote. Tukaitazama.

"Ilikuwa inafika wapi?" akauliza.

Nikaweka kidole kwenye buluu. Akaweka chake pale soda ilipoishia. Kati ya kidole changu na chake palikuwa na nafasi, naye akaitazama kama mtu anayeziona humo wiki zote zile alizokaa akishona akijua mama yake anapona. Kisha akaondoa kidole chake, akaushika mkono wangu.

"Mjomba, nisimulie ya kreti. Mama alikuwa ananisimulia kwenye simu, lakini yake fupi."

Nikaanza. Gari liliharibika mbele ya nyumba. Dereva akatangaza. Mimi nimesimama, mkono mmoja kiunoni. Nikafika kwenye namba, nikageukia kitanda nimngoje.

Kitanda kimetandikwa.

Sasa naweza kusema ishirini na nne. Naweza kusema kreti mbili, gari zima, hakuna mtu duniani wa kunikatalia.

"Zilikuwa tatu," nikamwambia. "Nikatapika."

"Hapo ndipo Mama anaishia."

Hapo ndipo alipokuwa akiishia, kweli, na mimi sikuwahi kumwongezea. Lakini kuna kilichobaki. Watu walicheka, wakaondoka, gari likatengenezwa. Dereva alimhurumia yule msichana aliyekuwa amepiga magoti akinifuta kwa pindo la gauni lake, akampa chupa moja, ya machungwa, ya kwake peke yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika soda ambayo hagawani na mtu.

Akasubiri gesi iishe, isije ikanichoma koo. Kisha akaniinua kichwa, akaninywesha mimi, chupa nzima.